Kabla ya Kununua Dawa ya Bawasiri kwa Mara ya Pili

Mazungumzo na vijana wafanyabiashara, mafundi na madereva, katika wiki ya Siku ya Haki za Mlaji

 

Mwaliko wenu ulitutaka tuzungumze juu ya haki za mlaji, kwa kuwa tarehe 15 Machi ndiyo siku yake duniani. Mada za siku hii mnazijua: mizani iliyochezewa, bidhaa iliyopitwa na muda wake, risiti isiyotolewa. Leo naomba ruhusa yenu niyaweke hayo kando, tuzungumze juu ya bidhaa ambazo mtu hazinunui kwa sauti. Husubiri wateja wengine waondoke, huinama kidogo juu ya kaunta, kisha humnong'oneza muuzaji. Nazungumzia dawa za tumbo na za njia ya haja kubwa, na ugonjwa mmoja unaoweza kujificha nyuma yake, yaani saratani ya utumbo mpana. Mwezi huu wa Machi nchi kadhaa huutumia kuizungumzia saratani hiyo, kwa hiyo hatujatoka nje ya kalenda.

Pengine mtauliza: Mamlaka inayosimamia dawa ina nini cha kusema juu ya saratani? Je, hiyo si kazi ya madaktari? Matibabu ni yao, hilo halina ubishi. Lakini kijana mwenye ugonjwa huu, kabla ya kufika kwa daktari, mara nyingi hupita kwanza dukani. Hupita mara moja, mara mbili, pengine mara sita. Kuchelewa kwake si kwa bure. Anakulipia, pakiti baada ya pakiti. Na kinachouzwa ndani ya pakiti hizo kinatuhusu sisi.

Niueleze kwanza ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Kwa mtu mzima una urefu wa takribani mita moja na nusu, nao huishia katika puru, kipande kifupi kinachotangulia njia ya haja kubwa. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kukihifadhi kinyesi hadi wakati wa kukitoa. Utando wake wa ndani hujijenga upya kila baada ya siku chache, na katika kujijenga huko baadhi ya seli huenda kombo zikaotesha kinyama kidogo ambacho madaktari hukiita polipu. Polipu nyingi hubaki zilivyo bila kumdhuru mtu. Chache hubadilika polepole hadi kuwa saratani, na kwa kawaida safari hiyo huchukua miaka kama kumi. Katika miaka yote hiyo kinyama kingeweza kuonekana kwa kamera na kukatwa papo hapo, na mtu akarudi nyumbani siku ileile.

Tatizo ni kwamba utando huo wa ndani hausikii maumivu kama ngozi inavyosikia. Kinyama kinaweza kuvuja damu mwezi baada ya mwezi pasipo kuuma hata kidogo. Nasi tumezoea kuyapima maradhi kwa maumivu: kisichouma tunakiita kidogo. Kwa ugonjwa huu, kipimo hicho hakifai.

Kwa miaka mingi iliaminika pia kwamba saratani hii ni ya wazee, tena ni ya Wazungu. Sehemu ya pili ya imani hiyo ina historia inayotuhusu Waafrika Mashariki. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, na muda mwingi alikuwa Kampala. Huenda mmelisikia jina lake katika limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha mataya ya watoto. Katika maandishi yake ya baadaye, hasa makala ya mwaka 1971, alieleza kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu mno katika Afrika ya vijijini ikilinganishwa na Ulaya na Marekani. Sababu aliyoitaja ni chakula. Watu waliokula nafaka isiyokobolewa, kunde, mizizi na mboga walikuwa wakila nyuzinyuzi nyingi, na choo chao kilikuwa kingi, laini na chenye kupita upesi.

Wataalamu wamezijadili hoja zake na kuzirekebisha hapa na pale, lakini la msingi wamelibakiza. Sisi ndio tuliomsoma vibaya. Tulisikia kwamba Mwafrika hapati ugonjwa huu, kana kwamba kinga ipo katika damu yake. Burkitt alisema kinga imo katika sahani, nayo sahani imebadilika. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Katika muda huo mfupi dalili za hatari ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani waliokula chakula cha kijijini, na kwa wanakijiji waliokula mafuta na nyama nyingi kwa mtindo wa Kimarekani zikaongezeka. Majuma mawili hayampi mtu saratani wala hayamponyi. Yanaonyesha tu kwamba utumbo hausomi cheti cha kuzaliwa.

Sasa sehemu ya kwanza ya imani, ile ya uzee. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi duniani bado ni watu waliovuka miaka hamsini. Lakini katika nchi zenye kumbukumbu nzuri, idadi ya vijana inapanda. Nchini Marekani, mwaka 1995 wagonjwa 11 kati ya kila 100 walikuwa chini ya umri wa miaka 55. Kufikia mwaka 2019 walikuwa 20. Uchambuzi uliochapishwa huko mwaka 2017 ulionyesha kwamba aliyezaliwa karibu na mwaka 1990, akilinganishwa na aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri uleule, ana hatari mara mbili ya saratani ya utumbo mpana na mara nne ya saratani ya puru. Kwa sababu hiyo, umri wa kuanza kupimwa kwa watu wasio na dalili, ambao ulikuwa miaka 50, ulishushwa hadi 45, kwanza na Shirika la Saratani la Marekani mwaka 2018, kisha na jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga mwaka 2021. Mwigizaji Chadwick Boseman, ambaye wengi wenu mlimwona katika filamu ya Black Panther, alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, baada ya kuishi na ugonjwa huu kwa miaka minne.

Na hapa kwetu? Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2013 juu ya wagonjwa wao zaidi ya 300 wa saratani hii. Zaidi ya nusu walikuwa hawajafika miaka hamsini, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Takwimu kama hizi zataka kusomwa kwa uangalifu. Taifa letu ni la vijana, kwa hiyo karibu kila ugonjwa unaohesabiwa hospitalini utakuwa na vijana wengi. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba hatari ya kila kijana imepanda. Lakini inatosha kumnyima muuzaji wa dawa, na hata mganga wa zahanati, haki ya kumwambia mtu wa miaka thelathini kwamba yeye ni mdogo mno kuwa na ugonjwa huu.

Sababu ya kuongezeka kwa vijana bado inatafutwa, na hakuna jibu moja. Unene, kukaa kitako kutwa, pombe, sigara na nyama za viwandani vimo katika orodha. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliozikuta alama za sumu itwayo kolibaktini, inayotengenezwa na baadhi ya bakteria wa tumboni, mara nyingi zaidi katika saratani za vijana kuliko za wazee. Urithi nao una nafasi yake. Zipo koo zinazorithishana sindromu ya Lynch, ambayo huupandisha sana uwezekano wa saratani hii. Hata hivyo vijana wengi wanaougua hawana mzazi wala ndugu aliyewahi kuugua. Kwa hiyo kusema "kwetu haupo" hakumtoshi mtu kulala usingizi.

Turudi kwenye kaunta.

Tumchukue kijana wa kufikirika, dereva wa bodaboda mwenye miaka thelathini na mmoja. Mwezi Januari, akiwa anatawaza, anaona damu mkononi. Haumwi popote. Anamweleza mwenzake kijiweni, naye anamjibu kwamba hiyo ni bawasiri, inaletwa na kiti cha pikipiki. Jibu lina mantiki, kwa sababu bawasiri ipo, nayo hutoa damu nyekundu bila maumivu. Ananunua malhamu. Baada ya siku tano damu inakata, na malhamu inapewa sifa zote.

Mwezi Machi damu inarudi. Safari hii ananunua vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa, katika duka lililo karibu na kituo chake. Inakata tena. Mei anaanza kuharisha, anafunga siku mbili, anaharisha tena. Duka la tatu linampa metronidazoli kwa ajili ya amiba, na juma lililofuata anapewa dawa ya minyoo. Julai anapandisha ngazi anahema. Mama yake anamwambia damu imepungua, anamchemshia rozela na kumkamulia bitiruti, naye mwenyewe anaongezea vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo hukifanya choo kuwa cheusi, na bitiruti hukifanya chekundu, kwa hiyo kuanzia hapo hata akitazama hawezi tena kujua anachokiona. Oktoba choo kinafunga kabisa, anauziwa chai ya kusafisha tumbo, ambayo ukiichunguza ni sanamaki tupu. Desemba analazwa kwa kuziba kwa utumbo.

Nawaomba mwangalie jambo moja katika kisa hiki. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyemdanganya. Malhamu ilikuwa malhamu halali, iliyosajiliwa. Dawa ya amiba hutibu amiba. Madini ya chuma huongeza damu. Kila duka lilijibu swali lililoulizwa siku hiyo, kwa mteja ambaye halikuwa limemwona kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kuzijumlisha ziara zote. Maduka hayakuwa na daftari moja. Daftari pekee lililokuwapo lilikuwa kichwani mwa mnunuzi, naye hakuwa ameambiwa kwamba vitu hivyo ni vya ukurasa mmoja.

Na ni vya ukurasa mmoja kweli. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2023, uliowahusu wagonjwa walio chini ya miaka hamsini, ulibaini ishara nne zilizokuwa zikijitokeza kati ya miezi mitatu na miaka miwili kabla ya ugonjwa kutambuliwa: maumivu ya tumbo, damu katika njia ya haja kubwa, kuharisha kunakoendelea, na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Aliyekuwa na ishara moja alikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kukutwa na saratani hii. Aliyekuwa na tatu au zaidi, zaidi ya mara sita. Kijana wetu wa kufikirika alinunua dawa kwa ajili ya tatu kati ya hizo nne, kila moja katika duka lake.

Sitaki mtu atoke hapa na hofu isiyo na kazi. Damu nyingi zinazoonekana chooni kwa watu wa umri wetu hazitokani na saratani. Hutokana na bawasiri, mpasuko wa ngozi, amiba, na kwa ndugu zetu waishio kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo. Magonjwa hayo yote yana dawa nzuri. Ninachosema ni kwamba hakuna rangi ya damu, wala kukosekana kwa maumivu, kunakoweza kuyatofautisha ukiwa umesimama dukani. Saratani ya puru hutoa damu nyekundu vilevile kama bawasiri. Huvuja kwa vipindi, kwa hiyo damu inaweza kukata yenyewe hata kama ungepaka mafuta ya nazi. Na mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Ya kwanza haiizuii ya pili.

Ndiyo maana tunaitaja mara ya pili. Ukinunua dawa ya bawasiri mara moja, ukafuata maelekezo, na damu ikarudi, usiinunue tena kabla mtu hajakupima. Fedha ya pakiti ya pili iwe nauli ya kwenda kituo cha afya. Na zipo hali ambazo hata pakiti ya kwanza si ya kununua: damu iliyochanganyika ndani ya kinyesi, choo cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia madini ya chuma, kupungua uzito bila kukusudia, kuhisi haja isiyokwisha hata baada ya kutoka chooni, au mabadiliko ya choo yaliyodumu majuma kadhaa. Mwanamume kijana aliyeambiwa ana upungufu wa damu anastahili kuulizwa damu hiyo inakwenda wapi kabla ya kuongezewa nyingine. Mwanamke naye asikubali kila upungufu wa damu uelekezwe kwenye hedhi pasipo mtu kumuuliza habari za choo chake. Aliyejifungua karibuni huambiwa upesi zaidi kwamba ni bawasiri ya uzazi. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini mara nyingi si sawa na daima.

Wauzaji wa dawa mliopo, nanyi nina neno kwenu. Maduka ya dawa muhimu yalipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, mtoa dawa hakukusudiwa kuwa mpokea fedha tu. Alifunzwa kumtambua mteja asiyemweza na kumpa rufaa. Maswali matatu yanatosha: Damu hii ilianza lini? Umeshatumia dawa gani? Choo chako kimebadilika? Ulizeni kwa sauti ya chini, na ikiwezekana pembeni. Mteja anayeona haya atajibu "sijui" kama foleni inamsikiliza.

Na haya hiyo si jambo dogo. Wapo wanaume wenzangu walio radhi kufa kuliko kupimwa kwa kidole. Nalisema wazi kwa sababu mficha uchi hazai. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja, daktari huvaa glavu, hutumia kilainishi, na uvimbe ulio chini katika puru huweza kuguswa kwa kidole hicho pasipo mashine yoyote. Una haki ya kuomba faragha, kuomba mpimaji wa jinsi yako ikiwa yupo, na kueleza kwamba unaogopa. Una haki pia ya kushangaa ikiwa umetaja damu katika njia ya haja kubwa, ukaandikiwa dawa, na hakuna aliyependekeza kukutazama. Uliza kwa adabu: "Daktari, hutanipima?"

Baada ya hapo hufuata kipimo cha wingi wa damu, kipimo cha choo kwa ajili ya vimelea, na pale inapohitajika kolonoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana. Siku ya kutangulia hunywi ila vimiminika, na hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe safi. Wengi husema usiku huo wa kwenda na kurudi chooni ndio mgumu, kuliko kipimo chenyewe, ambacho kwa kawaida hufanyika mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Kinyama kikionekana hukatwa au huchukuliwa sampuli na kupelekwa maabara. Kipimo hiki hakipatikani kila wilaya. Utahitaji barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na ni busara kuuliza gharama mapema, na kwa mwenye bima, kuuliza kama kifurushi chake kinakigusa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Someni kilichomo katika vifurushi kabla ya kuugua.

Jambo jingine linalowarudisha watu nyuma ni hofu ya mfuko wa choo tumboni. Baadhi ya wagonjwa huuhitaji, na kwa wengi wao huwa wa muda, hadi utumbo upone. Kijana anayetakiwa kupewa mionzi au dawa za saratani na bado anataka watoto, aulize juu ya uzazi kabla ya matibabu kuanza, maana baada ya hapo swali huwa limechelewa. Na tofauti ya kuwahi si ndogo. Kwa takwimu za Marekani, ugonjwa ukikutwa ungali ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ukiwa umeshafika ini au mapafu, hawazidi wawili kati ya kumi.

Sasa bidhaa zenyewe. Vipo vitendanishi vya kupima damu iliyojificha katika choo, na vingine huuzwa mtandaoni kwa ajili ya kujipima nyumbani. Vilivyo bora vina faida kwa mtu asiye na dalili. Kwa mtu anayeiona damu kwa macho yake havina kazi. Hauhitaji kipimo kikwambie kilichoko mbele yako, na jibu la "hakuna" lisikurudishe nyumbani. Kabla ya kununua, tafuta kama kimesajiliwa, na tarehe yake ya mwisho wa matumizi. Mwenye mzazi, kaka au dada aliyeugua saratani hii asingoje dalili. Mwongozo unaotumika katika nchi nyingi ni kuanza kupimwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia.

Chai na unga wa kusafisha utumbo haviondoi polipu. Hakuna uchafu uliogandia ukutani kwa miaka unaosubiri kusuguliwa. Utando, kama nilivyosema, hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache. Sanamaki ni dawa halali ya kufunga choo kwa siku chache, nayo ikitumiwa miezi na miezi huweza kuvuruga maji na chumvi za mwili, na mbaya zaidi kwa mada yetu, huificha dalili. Tiba asili ina Baraza lake kisheria, na waganga na dawa zake husajiliwa. Muulizeni mtu cheti chake bila kumvunjia heshima. Lakini chupa moja inayodai kutibu bawasiri, vidonda vya tumbo, ngiri, nguvu za kiume na saratani, hiyo imeshajieleza yenyewe. Msimshitaki jirani, leteni chupa kwetu.

Juu ya chakula nitasema machache, kwa sababu mmeshayasikia, na kwa sababu kuna hatari ya mgonjwa kubadili mlo badala ya kwenda hospitali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka nyama za viwandani, yaani soseji na jamaa zake, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Hiyo ilikuwa mwaka 2015, na makadirio yake ni kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani hii kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja ya wastani. Dona ina nyuzinyuzi ambazo sembe imeziacha mashineni. Maharage, choroko, mchicha na matembele bado yapo sokoni, na kwa bei iliyo chini ya chipsi kuku. Pombe na sigara zipunguzwe hadi ziishe. Lakini mla dona naye huugua. Ukiona damu, sahani nzuri haikupi msamaha wa kutopimwa.

Mwisho ni ombi la kikazi. Siku utakapokwenda kituo cha afya, usiende na maneno matupu. Andika katika simu yako tarehe ya kwanza uliyoona damu, mara ngapi imerudi, na uzito wako wa zamani kama unaukumbuka. Kusanya maboksi na pakiti tupu za kila ulichotumia, pamoja na chupa za mitishamba na vidonge vya kuongeza damu, uvitie katika mfuko mmoja uje navyo. Usivitupe kwa kuona haya. Daktari akivipanga mezani ataona katika dakika mbili kile ambacho duka moja moja halikuweza kukiona, na kama kati yake imo dawa isiyo na namba ya usajili au iliyokudhuru, namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi ndiyo itakayotuwezesha kuifuata hadi ilikotoka.